Dawa ya Baada ya Magharibi

Mwavita alimpa mume wake kopo bila kumtazama. Lilikuwa kopo dogo la maziwa, limefunikwa kwa jani la mgomba na kukazwa kwa uzi, na bado lilikuwa na joto.

"Usilitikise," alisema.

"Sitalitikisa."

"Na usilifungue njiani."

"Nilifungue nitafute nini?"

Abedi alitaka mkewe acheke. Hakucheka. Alijifunika kikwembe mpaka usoni, akageukia ukuta. Mwanamke wa Kiungwana hatoi choo chake mbele ya mtu, hata mbele ya mama yake, na yeye alikuwa amekitia ndani ya kopo, akamkabidhi bwana yake mkononi ili akipeleke dispanseri na kusema kwamba ni chake.

Abedi alikuwa mbeba magunia ya posta, kazi ya Leta, serikali ya Wazungu. Ule mwaka ambao bei ya kila kitu ilianguka huko Ulaya, karani alisimama kwenye baraza ya posta akawasomea wafanyakazi karatasi: fedha za Leta zimepungua, mshahara utakatwa, na dawa ya bibi na watoto sasa itakuwa ya kulipa. Mfanyakazi mwenyewe atatibiwa bure kama zamani.

"Kwa sababu mikono yenu njo inafanya kazi, siyo ya bibi," karani alieleza.

"Na mikono ya kutupikia?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Watu walicheka. Karani alikunja karatasi, akaingia ndani.

Mwavita alipoanza kuhara damu, Abedi alilipa. Dawa ya kulipa ilikuwa mali yako, uliibeba ulikotaka. Alilipa siku nne, fedha zikaisha, wakaacha. Damu ilitulia kidogo, halafu ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Munganga wa dispanseri alikuwa amemuonya: dawa hii ni ya siku kumi, ukiikata katikati ugonjwa unarudi na hasira.

Sasa ilikuwa imerudi, na mwezi ulikuwa Ramadhani.

*

Dispanseri ya Leta zamani ilikuwa na waganga watatu. Wawili walikuwa wamerudishwa kwao kwa sababu ya zile fedha zilizopungua, akabaki Godefroid peke yake, mtoto wa misheni, mzaliwa wa mbali, mwenye sauti ndogo na macho yaliyochoka. Watu walipanga mstari tangu asubuhi, kutoka mlangoni mpaka kwenye mtaro.

"Abedi!" aliita Florentin, fundi wa matofali wa Leta, aliyekuwa mbele yake na mguu uliovimba. "Hata wewe? Una nini?"

"Tumbo."

"Linaenda?"

"Linaenda."

"Na bado unafunga?"

"Ninafunga."

Florentin aligeuka kwa wengine. "Mumesikia? Huku linaenda, huku haingizi kitu. Huyu muntu kesho tutamuona kama kamba ya kuanikia nguo!"

Walicheka. Abedi naye alicheka, kopo likiwa chini ya koti, limegusana na mbavu zake.

Godefroid alilichukua, akafungua uzi. Aliweka tone kidogo kwenye kioo, akainamia hadubini yake, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinua kichwa hakumtazama Abedi, alitazama kopo.

"Wadudu wamejaa," alisema. "Bibi yako je? Ulikuwa unamununulia dawa hii hii."

"Amepona."

"Amepona?"

"Ndiyo, Munganga. Sasa ni mimi."

Godefroid alipangusa kioo kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayepangusa kitu ambacho kimeshakuwa safi. Kisha akahesabu vidonge vinne, akajaza maji kwenye kikombe cha bati.

Hapo njo palipokuwa na shida. Dawa ya bure ilimezwa pale pale, mbele ya macho ya munganga. Ulifungua mdomo, ukainua ulimi, akachungulia kama mnunuzi wa mbuzi. Leta ilikuwa imegundua kwamba watu walikuwa wakiificha shavuni, wakaiuza sokoni.

"Ninafunga, Munganga," Abedi alisema.

Kwa Waislamu waliofunga kulikuwa na ruhusa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekataa kumeza mchana, wakaacha kabisa kuja, na Muzungu wa afya akaona heri wabebe dawa nyumbani, wameze jua likizama. Ruhusa ilikuwa ya mwezi wa kufunga tu. Godefroid alivikunja vile vidonge ndani ya kipande cha karatasi.

"Baada ya magharibi," alisema. "Usisahau."

"Sitasahau."

*

Mtoto yeyote wa chuo cha Kurani angeweza kumwambia Godefroid kwamba mgonjwa hafungi. Anakula, anakunywa, akipona analipa siku zake. Lakini Godefroid hakusoma chuo, na mtaani hakuna aliyekwenda kumfundisha.

"Mimi sisemi ni vibaya," alisema Sharifa, dada mkubwa wa Abedi, aliyehamia hapo kumuuguza wifi yake. Alikuwa akikoroga uji wa mchele, moshi ukimwingia machoni. "Nasema tu Mungu anaona."

"Aone, yaya," Abedi alijibu. "Aione na Leta pia."

"Astaghafiru! Na tumbo tupu unasema hivyo?"

Adhana ilipotoka, Abedi alikunywa maji, na upande wa pili wa pazia Mwavita akameza viwili. Viwili vingine alimeza wakati wa daku. Ladha yake ilimkunja uso. Sharifa alimshika mgongo mpaka kichefuchefu kikapita, kwa maana kidonge kikirudi hakuna kingine.

Siku zilikwenda hivyo. Mchana Abedi alibeba magunia kutoka kwenye gari la moshi mpaka posta, midomo imekauka, mashavu yameingia ndani. Kufunga kulimkondesha vizuri, akafanana na mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Bwana Posta alimtazama kwa wasiwasi. Leta ilikuwa ikipunguza watu, na ilianza na wagonjwa.

"Unaweza kazi?" alimuuliza.

"Ninaweza sana, Bwana," Abedi alisema, akajitwika gunia ambalo hakuamriwa kulibeba.

Mwavita alianza kurudi. Kwanza damu ilipungua. Halafu akalala usingizi bila kuita. Halafu siku moja alimwambia wifi yake ana hamu ya sombe, majani ya muhogo yenye samaki.

"Sombe na hilo tumbo?" Sharifa alifoka, lakini alitoka nje upesi, akasimama nyuma ya nyumba akijipangusa macho na pindo la kikwembe.

Ijumaa jioni dawa ya siku nane ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Zilibaki siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Jumapili Godefroid alifungua kidogo tu baada ya misa, na kwa waliofunga alitoa Jumamosi dawa ya siku mbili pamoja, wasimsumbue. Kwa hiyo Abedi alihitaji asubuhi moja tu. Lakini asubuhi hiyo lazima iwe bado ya Ramadhani. Kama mwezi ungeonekana jioni ile, Jumamosi ingekuwa Idi, na siku ya Idi kila mtu anakula, na anayekula anameza dawa mbele ya munganga.

Watu walisimama kando ya mto Lualaba wakitazama magharibi. Watoto walipanda kwenye magogo. Wingu zito jeusi lilikuwa limekaa juu ya msitu, na kabla ya adhana mvua ikaanza kunyesha.

"Hakuna kitu," Mwalimu wa msikiti alitangaza, kanzu imemganda mwilini. "Kesho tunafunga."

Watoto walinung'unika. Abedi alirudi nyumbani akikimbia, na mtu angemuona angesema anaikimbia mvua.

"Wameona?" Mwavita aliuliza kutoka ndani.

"Hawakuona."

Hakuna aliyesema alhamdulillahi. Ilikuwa vibaya kushukuru kwa jambo kama lile. Lakini Sharifa aliongeza sukari kwenye uji, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu.

*

Gari la moshi la mizigo liliingia Jumamosi kulipopambazuka, watu wakiwa wameshakula daku na kunuia. Abedi alikuwa akipokea gunia la barua wakati Asumani, mchochea moto, alipoinama kutoka kwenye kichwa cha gari, uso mweusi kwa makaa, meno yote nje.

"Idi njema, ndugu yangu!"

"Idi gani?"

"Kule Kibombo wameona mwezi jana! Mimi mwenyewe nimeuona, mwembamba kama ukucha. Huku hamukuona?"

"Mvua ilinyesha."

"Basi leo njo Idi. Kimbia umwambie Mwalimu, watu wafungue. Mimi siwezi kutoka, sijatoa majivu. Wewe na gunia lako unapita pale pale msikitini."

"Napita."

"Usichelewe, Abedi! Kufunga leo ni haramu!"

Abedi alijitwika gunia. Njia ya posta ilipita mbele ya msikiti, kila mtu aliijua. Alikwenda nayo mpaka kwenye kona. Pale aliona kofia ya Mwalimu, mzee akifagia maji ya mvua kwenye ngazi, na ingetosha kupaza sauti tu. Mji mzima ungekunywa maji. Watoto wangevaa nguo zao.

Akakata kushoto, akashika njia ya mto.

Hakukusudia kuwanyima watu Idi yao. Alijiambia kwamba ni saa moja tu. Nitachukua dawa, halafu nitakwenda msikitini nikimbie. Mungu ana siku nyingi, hatagombana na mimi kwa saa moja. Alitembea haraka, maji ya matope yakimrukia miguuni, na gunia la barua za watu likamlalia shingoni.

Mstari ulikuwa mrefu. Munganga mmoja, watu wa Leta wote. Florentin alikuwepo tena na mguu wake.

"Kamba ya nguo imefika!" alisema. "Lakini leo unatoka jasho, muntu wangu. Unafukuzwa na nani?"

Abedi alihesabu vichwa vilivyo mbele yake. Watu watano. Wanne. Mwanamke mmoja alikuwa akimsihi Godefroid kuhusu bei, na Godefroid alikuwa akimweleza kwa sauti yake ndogo kwamba bei haitoki kwake. Watatu. Kwenye chumba cha nyuma mlango ulikuwa wazi, na ndani Muzungu wa afya alikuwa amekuja na kofia yake, anahesabu chupa. Siku hizo alikuwa anahesabu kila kitu.

Wawili. Mmoja.

"Tumbo?" Godefroid aliuliza.

"Limetulia, Munganga. Kidogo bado."

"Leo na kesho, halafu basi. Siku kumi zimetimia."

Alihesabu vidonge vinane juu ya karatasi. Alikuwa ameshakunja ncha moja ya karatasi sauti zilipoanza. Kwanza ilikuwa moja, mbali, upande wa mtaa wa Waungwana, mtaa wa Waislamu. Halafu nyingi, halafu ngoma, halafu vigelegele vya wanawake vikapokezana nyumba kwa nyumba mpaka karibu na dispanseri. *Allahu akbar, Allahu akbar.* Asumani alikuwa amemaliza kutoa majivu, akaenda mwenyewe.

Muzungu wa afya alitoka mlangoni. "Kelele gani ile?"

Ni Florentin aliyejibu, kwa furaha ya mtu anayependa kujua habari kabla ya wengine.

"Idi, Bwana! Waislamu wamemaliza kufunga. Leo wanakula."

Muzungu alitazama karatasi iliyokunjwa nusu mkononi mwa Godefroid. "Na huyu ni Muislamu? Basi ruhusa imekwisha. Anameza hapa. Ya kesho anakuja kumeza kesho, kama wengine."

Godefroid hakusogea.

"Godefroid," Muzungu alisema.

Godefroid alifungua karatasi. Alirudisha vidonge vinne ndani ya chupa, kimoja kimoja, na vinne akavitia kwenye kiganja cha Abedi. Akajaza kikombe cha bati.

Kama angekataa, wangeuliza kwa nini. Wangeuliza kopo lile lilikuwa na choo cha nani. Kazi ingekwisha siku hiyo hiyo, na gereza lilikuwa ng'ambo ya barabara. Abedi alitia vidonge mdomoni. Alikuwa hajawahi kujua ladha yake. Alikunywa maji, ya kwanza mchana tangu mwezi uanze, na koo lake lililokauka likayapokea kwa furaha, likamtia aibu.

"Fungua mudomo," Godefroid alisema.

Akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua. Godefroid alichungulia, na macho yake hayakuwa yakitazama ulimi.

"Amemeza, Bwana," alisema.

*

Njiani watu walikuwa wakikumbatiana. Abedi alikuwa bado na gunia la barua kichwani. Mbele ya msikiti Asumani alimuona, akanyoosha kidole, na watu wakageuka.

"Njo huyu! Nilimpa habari tangu alfajiri!"

Mwalimu alimjia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Abedi. Ulipewa habari?"

"Nilipewa, Mwalimu."

"Ukaenda wapi nayo?"

Abedi alitazama miguu yake iliyojaa matope.

"Umewafungisha watu siku ya Idi. Wazee, wanawake wenye mimba. Kwa nini?"

"Nilichelewa, Mwalimu. Nisamehe."

"Ulichelewa," mzee alirudia, akimngoja aongeze neno. Nyuma ya Mwalimu mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu hakuna njia anayoijua isipokuwa ile ya mshahara wa Wazungu. Abedi alipita katikati yao, akalipeleka gunia posta.

Mwavita alikuwa ameoga. Alikuwa ameketi mlangoni, mara ya kwanza tangu augue, amejifunga kikwembe kipya. Aliona mikono ya mume wake mitupu kabla hajaona uso wake.

"Walikumezesha?"

"Walinimezesha."

"Vyote?"

"Vinne vyote. Vya kesho vilirudi kwenye chupa."

Alifikiri kidogo. "Ni vichungu, siyo?"

"Vichungu sana. Sikujua."

"Basi leo tumbo lako litakuwa safi kuliko la Liwali," Mwavita alisema, na mdomo wake ukatetemeka, akacheka. Abedi naye akacheka, akaketi chini kando yake, na Sharifa aliyekuwa jikoni alisikia kicheko hicho, akafikiri dawa imepatikana. Akaanza kuimba.

*

Jumapili baada ya misa Abedi alikwenda tena, kujaribu. Muzungu wa afya alikuwa ameketi kwenye kiti cha Godefroid, na Godefroid alikuwa amesimama nyuma yake. Abedi alimeza vinne vya mwisho, akafungua mdomo.

Damu haikurudi wiki ile. Mwavita alikula sombe yake. Alifagia uwanja mara moja, Sharifa akamnyang'anya ufagio. Halafu wiki iliyofuata ikarudi, kama munganga alivyosema, na hasira.

Sharifa aliuza bangili zake mbili za fedha. Zilitosha dawa ya siku tatu. Abedi alikwenda kumuomba Bwana Posta amtangulizie mshahara, naye akamwambia Leta haitangulizi tena, hata kwake yeye Muzungu haitangulizi. Abedi alifikiria kopo. Lakini sasa mwezi wa kufunga ulikuwa umepita, na kila kidonge cha bure kilikuwa kinapita kooni mwa mtu mbele ya macho ya mtu. Mwalimu alipopata kujua Abedi alikuwa ameichelewesha habari kwa ajili ya nini, alituma kuku wawili na fedha kidogo zilizochangwa msikitini. Kuku walifika wakati Mwavita hawezi tena kula.

Alikufa mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa wifi yake, wakati Abedi yuko kwenye gari la moshi anapokea barua. Bwana Posta alimruhusu asirudi kazini siku hiyo. Ya kesho, alisema, itakatwa kwenye mshahara.

Walimzika kabla ya jua kuzama. Baada ya mazishi wanaume waliketi uwanjani kwenye mikeka. Mkeka wa karibu na mlango ulikuwa wa ndugu za marehemu, mingine ya majirani, na hakuna haja ya kumwambia mtu aketi wapi, kila mtu anajua.

Godefroid aliingia uwanjani amevaa koti lake la misa. Watu waligeuka. Hakujua pa kuketi. Alitazama huku na huku, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa karibu na mlango, mwishoni kabisa, mikono juu ya magoti.

Asumani alimwinamia kwa adabu. "Munganga, karibu sana. Lakini huo njo mukeka wa ndugu zake. Wewe ni nani wa marehemu?"

Godefroid alikuwa hajawahi kumuona Mwavita hata siku moja. Sura yake hakuijua. Alitazama mlango uliofungwa pazia.

"Mimi njo nilikuwa ninamutibu," alisema.

Asumani alibaki ameinama. Abedi aliinua kichwa, akamtazama yule mtu kwa muda mrefu. Kisha akasogea upande mmoja, akampa nafasi aketi vizuri.